Fundi, Mwalimu na Baba: Namna Tunavyokumbuka Watu wa Kazi Katika Kasongo na Kabambare

Katika muji wa Kasongo, na vilevile kule Kabambare, mutu mwenye heshima akifa, kabla jeneza halijatoka nyumbani mutu mumoja wa jamaa anasimama mbele ya watu na karatasi mukononi. Anasoma kile tunachoita biografia ya marehemu. Kwa Waislamu, ambao wanazika upesi, maneno hayo mara nyingi yanangojea hitima ao arobaini. Karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa, na musomaji anatafsiri palepale kusudi mama wakubwa walioketi kwenye mikeka wasikie nao. Alizaliwa mwaka fulani, mutoto wa fulani na fulani, alisoma hapa, akapata diploma ile, alifanya kazi kwa CFL, halafu SNCZ, ao kazi ya leta, alioa, anaacha watoto kumi na wajukuu wengi. Mwishoni, mustari mumoja: alikuwa baba mwema. Dakika tano, imekwisha. Watu wanabeba jeneza.

Ndugu musomaji, mimi sina ubaya na desturi hii. Ni desturi mupya, imetoka kwa makarani wa wakati wa wakoloni, na sisi tumeipokea na kuifanya yetu. Lakini kuna namna moja ya mutu ambaye karatasi ile haimutoshi hata kidogo. Ni yule aliyekuwa fundi ao enjeniere kwa kazi yake, akawa mwalimu kwa mapenzi ao kwa shida, na nyumbani akalea jamaa kubwa. Kusini ya Maniema ilizaa watu wengi wa namna hiyo. Sitataja jina la yeyote, maana jamaa zao zipo na kila jamaa ina haki ya kusema habari yake yenyewe. Nataka kuongea juu ya namna maisha yao yalivyofanyika, na sababu gani yanapotea upesi hivi.

Kitabu cha kwanza kilitoka kwetu

Jambo la kushangaza ni hili: kuandika maisha ya mutu kwa Kiswahili kulianza na mutu aliyekaa Kasongo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemuita Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili alipokuwa muzee Unguja. Mudachi Heinrich Brode ndiye aliyemuomba, na kazi ile ilichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kidachi. Mwenyewe alikufa mwaka 1905. Wataalamu wengi wanaihesabu kuwa habari ya kwanza ya maisha ambayo mutu alijiandikia kwa lugha yetu.

Na ndani yake kuna nini? Kuna pembe za ndovu kwa frasila, kuna bunduki, kuna deni za wafanyabiashara wa Unguja, kuna masultani walioshindwa vita. Kuna pia hadithi ambayo wazee wetu wanacheka nayo mpaka leo: namna alivyomuambia sultani Kasongo Rushie kwamba yeye ni wa ukoo wake, mujukuu wa dada yake aliyechukuliwa mateka zamani, na sultani yule akaamini na kumuachia inchi. Kumbe hata yeye na bunduki zake zote alijua kwamba kwetu mutu hana nguvu kama hana ukoo, basi akajitafutia bibi!

Lakini wale waliojenga Kasongo yake hawamo. Askari wa Dhanis walipoingia muji ule tarehe 22 Aprili 1893, mumoja wao alikuwa munganga Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeandika kitabu baadaye, mwaka 1897. Alishangaa kuona nyumba nzuri, vitanda vya kuchongwa, mashamba ya mupunga, miwa, machungwa na mapera. Nani alichonga vitanda vile? Nani alipiga tofali? Muji ule wa zamani ndio tunaouita Tongoni, mahali tofauti na Kasongo ya leo. Katika miaka ya 2010 wataalamu wa kuchimba vitu vya kale, Wazungu na Wakongomani pamoja, walifika pale kuchimba na kuuliza wakaaji. Watu waliwaambia mambo mawili kwa pumzi moja: utumwa na mateso, halafu mupunga, miti ya matunda na tofali za udongo. Yote mawili ni ya kweli na yote mawili tunayala mpaka leo. Ila mukono uliopanga tofali hauna jina.

Kabambare nayo ina habari yake. Katika vitabu vya Livingstone inaitwa Bambarre. Alifika huko mwezi wa 9 mwaka 1869, na tangu mwezi wa 7 mwaka 1870 mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871 alikaa tena pale, na kwa sehemu ya muda ule vidonda vya miguu vilimufunga nyumbani. Karatasi zilimuishia, wino vilevile. Akachukua gazeti kuukuu la London, akaandika juu yake kwa kukata maandishi ya gazeti, na wino wa mbegu za mumea. Wino ule ulififia hata hausomeki. Zaidi ya miaka 130 ikapita, ndipo wataalamu wakatumia taa za namna ya pekee na kompyuta, na mwaka 2011 wakaweza kutangaza maandishi yale yote. Mimi ninafurahi kwamba yalisomwa, kwa sababu yanaeleza pia inchi yetu ilivyokuwa. Ila fikirieni: muzungu mumoja alikaa kwetu miezi saba, na dunia ikatafuta mpaka mwangaza wa pekee kusudi isome gazeti lake. Daftari za mafundi wetu zimefungia karanga sokoni.

Fundi na kufunda

Neno lenyewe linatusaidia. Fundi, kufunda, mafundisho, mwanafunzi: yote yana shina moja. Katika lugha yetu mutu anayejua kazi na mutu anayefundisha kazi walikuwa mutu mumoja tangu mwanzo. Ni Kifaransa kilichowatenga, huku ingénieur, kule professeur.

Zamani mutoto aliyetaka uhunzi ao useremala alipelekwa kwa fundi na baba yake, pamoja na kuku ao kitu kingine cha heshima. Miezi ya kwanza hakushika kitu. Alivuta mivukuto, alichota maji, alibeba mufuko wa vyombo. Fundi hakueleza sana. Mutoto alipaswa kuona kwa macho yake, na siku alipoulizwa "nipe ile", bila jina la chombo, akampa chombo chenye kufaa, ndipo alijulikana kwamba ameanza. Wagenya wa Lualaba walifundishana vilevile kuchonga mutumbwi: muti gani, unaukata mwezi gani, moto kiasi gani ndani kusudi ubao ufunguke bila kupasuka. Hayo ni mahesabu, hata kama hayana karatasi.

Upande wa pili alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto waliketi na mbao zao wakisoma herufi kwa sauti, na baada ya masomo walimulimia mwalimu shamba lake. Hakuwa na mushahara. Mpaka leo katika Kasongo neno "mwalimu" linaweza kuwa mutu wa Kurani, ao wa masomo ya leta, ao katekista wa misioni, na unapaswa kuuliza ni yupi. Na usidanganyike na majina: kwetu Ramazani na Amisi wako pia katika misa, tena mustari wa mbele.

Basi reli ilipokuja, haikukuta inchi isiyojua kufundishwa. Kompani ya CFL iliundwa mwaka 1902. Lualaba kati ya Kongolo na Kindu ina maporomoko, na karibu na Kongolo kuna lile bonde jembamba ambalo Wazungu waliliita Mulango wa Jehanamu, mashua haipiti. Kwa hiyo walijenga reli ya kilometa 355 kutoka Kindu mpaka Kongolo, ikamalizika mwishoni mwa 1910. Watu wengi walipelekwa kwa kulazimishwa, na si wote waliorudi. Reli yenyewe ilipita ngambo ya kushoto ya muto, kwa Kibombo na Samba, na Kasongo ikabaki ngambo ya kuume. Mutu wa Kasongo aliyetaka treni alipaswa kwanza kushuka mutoni na kuvuka. Labda ndiyo sababu watu wetu waliopata kazi ya reli walihesabiwa kama wasafiri, watu walioona mambo.

Waliona nini? Waliona saa. Waliona mutu akihesabu nguvu ya mvuke kwa sindano ndogo ndani ya kioo, na kwamba ukipuuza sindano ile unakufa. Waliona kwamba chuma kinarefuka kwa jua la saa sita na kinafupika usiku, ndiyo maana kati ya reli na reli wanaacha nafasi. Wakirudi likizo, waliwaeleza vijana wa mugini.

Sentimita sita na milimita saba

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ni kazi kubwa kuliko zote na haiandikwi katika biografia ya mutu yeyote.

Reli ya CFL ilijengwa na upana wa meta 1 kati ya vyuma viwili. Reli ya Katanga ilikuwa na meta 1 na milimita 67. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Ni upana wa vidole vitatu ao vinne. Lakini behewa la huku halikuweza kutembea kule. Wakati wakoloni walipotaka kuunganisha Kabalo na Kamina, kusudi mizigo ya Katanga na ya upande wetu ipite bila kupakuliwa, iliwapasa kupanua njia yote ya zamani. Kazi ilifanyika mwaka 1955, na njia ya Kamina hadi Kabalo ikafunguliwa mwaka 1956.

Fahamuni maana yake. Mahali popote ambapo chuma kimefungwa kwenye muti wa reli, unafungua, unasogeza, unapima, unafunga tena. Unafanya hivyo kilometa kwa kilometa, na katika kila kona upimaji ni mwingine, kwa sababu ukikosea kidogo kwenye kona treni inaruka. Halafu magurudumu: kila ekseli ya kila behewa na kila lokomotivu iliyobaki kwenye njia ile sherti iwe ya upana mupya. Na kazi kama hiyo haiwezi kungojea ngojea, maana njia iliyopanuliwa nusu haipitishi treni yoyote, wala ya zamani wala ya mupya.

Enjeniere aliyetia sahihi kwenye plani alikuwa Mubeleji. Waliosogeza chuma na kushika kipimo walikuwa watu wetu, na kati yao walikuwa wengine ambao wakati ule tayari walijua kusoma plani ile kuliko vijana wa Kizungu waliotumwa kuwasimamia. Hawakuitwa maenjeniere. Hawangeweza kuitwa. Kwa muda murefu masomo ya juu ya mutu mweusi yaliishia kwenye useminari, ualimu, uganga musaidizi na ukarani. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, cha Elisabethville mwaka 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini, na wanahistoria wengi wanaandika kwamba enjeniere hakuwamo hata mumoja.

Kwa Waislamu wa Kasongo mulango ulikuwa mwembamba zaidi. Masomo yaliyosaidiwa na leta yalikuwa ya misioni. Baba alipaswa kuchagua: kumupeleka mutoto kwa mapadri na kuogopa kwamba atageuzwa, ao kumuacha kwenye chuo na kujua kwamba hatapata kazi. Tangu mwaka 1954, waziri Buisseret alipoanzisha masomo ya leta yasiyo ya dini, wengine walipata njia ya tatu. Tena sherti tuseme haki: kuna mababa Waislamu waliowapeleka watoto kwa misioni bila woga, na mapadri waliowafundisha bila kuwagusa dini yao. Si wote, lakini walikuwako.

Enjeniere anashika chaki

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Kijana aliyekuwa mufunga bulo mwaka 1955 aliweza kuwa musimamizi wa karakana mwaka 1965. Wengine walipewa nafasi ya kusoma Ulaya, wengine Kinshasa na Lubumbashi. Zikaja diploma zenye herufi, A2 na A1, na katika mugini watu wakajua kuzitofautisha kama wanavyotofautisha mupunga na mutama. Mwaka 1974 CFL na kompani nyingine za reli zikaunganishwa kuwa SNCZ. Fundi wetu sasa akawa enjeniere wa kweli, na mushahara, na nyumba ya kompani.

Mushahara ule haukudumu. Wenye umri wanakumbuka miaka ya 1980 na 1990: pesa inapoteza nguvu kila mwezi, treni inakuja mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi, halafu haiji. Ndipo maenjeniere wengi wakashika chaki. Mwanzoni ilikuwa saa za magharibi, kufundisha hesabu na fizika kwenye masomo ya sekondari yaliyokosa mwalimu. Baadaye ikawa ndiyo kazi yenyewe. Nayo leta haikuilipa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliolipa walimu, kwa kile kilichoitwa prime, na katika Maniema prime ilikuwa mara nyingi kikapu cha mupunga, ao jogoo, ao siku mbili za kulima. Angalieni: tulirudi palepale kwa mwalimu wa chuo na shamba lake. Jambo hili lilidumu mpaka masomo ya musingi yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019.

Ukiuliza wanafunzi wa zamani wanakumbuka nini juu ya mwalimu wa namna ile, hawasemi diploma. Wanasema mufano mumoja. Kinga imepinduliwa miguu juu darasani, na mwalimu anauliza: nikizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi? Hesabuni meno. Watoto ambao baba zao walisukuma kinga na mafuta ya mawese mpaka Kindu walielewa mara moja, kwa sababu jioni waliweza kumueleza baba sababu gani anachoka mulimani. Elimu ilikuwa na faida siku ileile.

Baba wa nani?

Karatasi ya msiba inasema: anaacha watoto kumi. Kwetu hesabu hiyo ni ya uongo karibu mara zote, na uongo wenyewe ni wa kupunguza. Inahesabu wale tu waliozaliwa naye. Haihesabu watoto wa kaka yake aliyekufa mwaka 1964 wakati wa Simba, wala wajukuu wa dada waliotoka Kabambare kwa miguu katika vita vya 1998 hadi 2003, wala yule mutoto wa rafiki aliyeletwa kumaliza darasa la sita na akabaki mpaka kuoa. Nyumba ya mutu mwenye mushahara ilikuwa masomo, hospitali na baraza la ukoo kwa wakati mumoja. Mushahara ulipokatika, watu hawakupungua.

Na hapo ndipo inapaswa kumutaja mama. Katika biografia mwanamuke anapata neno moja: alioa. Lakini enjeniere ambaye hakulipwa miezi kumi na minane, na watoto wake hawakukosa masomo, alikula nini? Alikula shamba la mama wa watoto. Mupunga, karanga, muhogo, sombe, na biashara ndogo ya chumvi na sabuni. Jina la heshima ambalo watu walimuita, "baba fulani", lilitoka kwa mutoto wa kwanza, na mutoto yule alilishwa kwa jembe la mama yake. Mutu anayeandika maisha ya fundi bila kuandika jembe lile anaandika nusu, tena nusu ndogo.

Kuna sababu nyingine ya kunyamaza, na hii ni nzito. Ukitaka kuandika maisha ya mutu vizuri utauliza: baba yake alitoka wapi? Na babu? Katika Kasongo, Nyangwe na Kabambare swali hilo linaweza kufungua kidonda. Miaka 130 si mingi. Kuna jamaa ambazo babu alikuja akiwa muungwana na bunduki, na kuna jamaa ambazo bibi alikuja na kamba shingoni, na mara nyingi ni jamaa moja. Wazee walikubaliana kunyamaza kusudi watu waoane na kukaa pamoja. Nimesikia vijana wasomi wakisema kwamba ni woga, kwamba ukweli sherti utoke. Mimi naona kwamba kunyamaza kule kulikuwa kazi ya amani, na wazee walijua wanachokifanya. Lakini pia naona kwamba kumenyamazisha mambo mengine yasiyo na aibu yoyote. Mutu anaogopa kuulizwa juu ya babu, basi hasemi hata juu ya karakana. Njia ya katikati ipo: tuanze na kazi. Nani alimupa chombo cha kwanza? Nani alimufundisha? Yeye alimufundisha nani? Ukoo wa ufundi unaweza kuandikwa wote bila kugusa ukoo wa damu, na upande wa damu kila jamaa itaamua yenyewe.

Karatasi

Watu wengine wanafikiri kwamba anayekumbukwa ni yule aliyefanya mambo makubwa. Angalieni Alexander Mackay, Muskoti, aliyesomea ualimu na uenjeniere pamoja. Alifika Uganda mwaka 1878, akatengeneza mashine, akapiga chapa vitabu, akafundisha vijana kusoma na kufua chuma, watu wakamuita muzungu wa kazi. Alikufa Usambiro, kusini ya ziwa Victoria, mwezi wa 2 mwaka 1890. Hakuwa na muke wala mutoto. Lakini mwaka uleule dada yake alitoa kitabu kizima cha maisha yake, kwa sababu alikuwa na barua. Kazi ya Mackay ilikuwa kubwa, sikatai. Ila kilichomuokoa na kusahauliwa ni dada aliyehifadhi barua ndani ya nyumba isiyochomwa moto.

Nyumba zetu zilichomwa. Mwaka 1964 zilichomwa, na tangu 1996 zilichomwa tena. Watu walikimbia porini na sufuria na watoto. Nani angebeba daftari? Na karatasi zilizobaki zinasumbua. Mutu mumoja ana kitabu cha kazi cha wakoloni chenye jina la ubatizo, ana kadi ya 1972 yenye jina lingine kwa sababu ya ile sheria ya Mobutu juu ya majina, na ana diploma iliyoandikwa na karani asiyejua kuandika majina ya Kibangubangu. Mujukuu akitafuta, anafikiri ni watu watatu.

Hata mahali tulipoandikwa, tuliandikwa bila jina. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa chuo cha uganga cha Antwerpen walifanya kazi Kasongo juu ya afya ya mugini, kazi nzuri sana, na mwaka 1981 gazeti la waganga la Uingereza, Lancet, lilichapa habari ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Watoto wetu wanajulikana duniani kote, kwa mistari ya hesabu. Walio hai sasa ni watu wa karibu miaka hamsini, na wengi wao hawajui kwamba wamo.

Kwa hiyo, jamaa ambayo ina muzee wa kazi nyumbani isingoje biografia ya msiba. Simu za leo zinashika sauti. Mumuulize kwa Kiswahili ao kwa Kizimba, Kikusu, Kibangubangu, lugha ile aliyopokelea kazi, maana majina ya vyombo yatatoka kwa lugha ile. Mumuwekee chombo chenyewe mukononi. Wazee wengi hawawezi kueleza kipimo cha reli kwa maneno, lakini wakishika kitu kama kile mikono inaanza kusema. Na mama awepo. Atasahihisha miaka.

Treni kutoka Katanga ilifika tena Kindu mwaka 2004, baada ya kimya cha vita. Wale waliosogeza chuma mwaka 1955 wakiwa vijana wa miaka ishirini, kama wako hai, wamefika miaka tisini. Katika vituo kati ya Kibombo na Samba wamebaki wachache, na wanaketi mchana chini ya miti ya maembe.